Usifunike Kombe: Nilivyojifunza Kuvisoma Vifungu Vigumu vya Biblia

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiongoza kikundi kidogo cha kujifunza Biblia, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilijihesabu kuwa mtu mwenye majibu. Mtu akiuliza kwa nini Mungu aliamuru hiki au kwa nini manabii walifanya kile, nilikuwa na jambo la kusema kabla swali halijakamilika. Watu walinisifu kwa hilo, nami nikazoea kusifiwa.

Jioni moja tulikuwa tumefika sura ya 12 ya kitabu cha pili cha Samweli. Ni sura ambayo nabii Nathani anamkabili Daudi kwa mfano wa mwana-kondoo wa maskini. Daudi anakiri dhambi yake ya kumtwaa mke wa Uria na kumuua Uria, anaambiwa kwamba yeye hatakufa, lakini mtoto aliyezaliwa na mke wa Uria ndiye atakayekufa. Mtoto anaugua, Daudi anafunga na kulala chini usiku kucha, na siku ya saba mtoto anafariki. Dada mmoja wa kikundi chetu, aliyekuwa amemzika mwanawe miezi michache kabla, aliuliza kwa nini mtoto afe kwa kosa la baba yake. Sikunyamaza hata kwa muda wa kuvuta pumzi. Nilimjibu kwamba Mungu alimwondoa yule mtoto kwa rehema, asije akakua akinyooshewa vidole kwa ajili ya aibu ya wazazi wake. Jibu hilo nililisoma mahali fulani, likanipendeza, nikaliweka akibani. Yule dada aliinamisha kichwa, akafunga Biblia yake taratibu, akavuta zipu ya kava lake mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Na wangu, mwalimu, aliondolewa kwa aibu ya nani?"

Wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata hiyo pia hakuja.

Nilichukua muda mrefu kukubali kwamba kilichomfukuza si kile kifungu. Kifungu alikuwa amekisoma mwenyewe nyumbani, akakibeba hadi kwenye kikundi, akakiweka mbele yetu akiwa bado na imani ya kutosha kuuliza. Kilichomfukuza ni jibu langu. Nilikuwa nimefanya kile ambacho Waswahili hukiita kufunika kombe mwanaharamu apite: nililiona jambo linaloleta fedheha, nikalifunika upesi ili kikao kiendelee. Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyovisoma vifungu vinavyoumiza, na haya ninayoyaandika hapa ni yale yaliyonisaidia, pamoja na yale ambayo hadi leo hayajanisaidia.

Nilianza kwa kurudi kwenye sura ile ile ya 12, peke yangu, nikiwa na penseli, nikajilazimisha kutenganisha yaliyoandikwa na yale niliyokuwa nimeyaongeza. Ninamshauri kila msomaji afanye zoezi hili kabla ya jingine lolote, kwa sababu ni jepesi na linaaibisha. Neno rehema halimo katika habari ya kifo cha yule mtoto. Hakuna mahali panaposema kwamba aliondolewa ili asione aibu. Hakuna pia mahali panapoligeuza tukio hilo kuwa kanuni, kwamba kila mzazi anayefiwa anaadhibiwa. Kinyume chake, sura ya 9 ya Injili ya Yohana inawaonyesha wanafunzi wakiuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, na Yesu anakataa kwamba ni yeye au ni wazazi wake. Na katika sura ya 13 ya Luka anakataa vilevile kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nimeyahubiri. Sikuyakumbuka nilipoyahitaji, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kumtetea Mungu.

Niliona pia jambo dogo ambalo nimelipita mara nyingi bila kulitambua. Muda wote wa ugonjwa na kifo, mama wa mtoto hatajwi kwa jina. Anaitwa tu mke wa Uria. Ni katika aya ya 24, baada ya kifo na baada ya Daudi kuoga na kula, ndipo jina lake linaporudi: Daudi akamfariji Bathsheba mkewe. Mwandishi hakueleza kwa nini mtoto alikufa kwa namna ya kuturidhisha, lakini hakusahau kwamba kulikuwa na mama aliyehitaji kufarijiwa. Mimi nilikuwa na mama wa namna hiyo mbele yangu, nami nikampa maelezo.

Kuna somo katika kitabu cha Ayubu ambalo sisi walimu wa Biblia hulisoma kwa ajili ya wengine. Marafiki watatu wa Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba mchana na usiku, walipokaa naye chini bila kusema neno. Makosa yalianza walipofungua vinywa. Maneno yao mengi ukiyasoma pekee yanasikika kuwa mazuri na ya kiroho, wala wengi wetu tusingeona ubaya kuyanukuu madhabahuni. Hata hivyo, katika sura ya 42 Mungu anasema kwamba hao waliomtetea hawakunena yaliyo sawa, na kwamba aliyenena sawa ni Ayubu, yule aliyelalamika na kumdai Mungu hesabu. Ukiisoma Biblia kwa muda mrefu utaona kwamba malalamiko yamo ndani yake kwa ruhusa kamili. Habakuki anaanza kitabu chake kwa kuuliza atalia hata lini bila kusikilizwa, na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Kwa hiyo msomaji anayesema "hiki kinaniumiza" hajatoka nje ya Biblia. Yumo ndani yake, tena pamoja na watu wenye heshima.

Baada ya hapo, jambo linalosaidia mara nyingi zaidi ni kujiuliza kama kifungu kinasimulia au kinaagiza. Kitabu cha Waamuzi kimenifundisha hili. Katika sura ya 11, Yeftha, mmoja wa waamuzi wa Israeli, anaweka nadhiri ya kijinga ya kumtoa sadaka atakayetoka kwanza kumlaki, na binti yake ndiye anayeilipa. Katika sura ya 19, suria wa Mlawi anatolewa nje kwa watu waovu wa Gibea, anateswa usiku kucha, na asubuhi anakutwa ameanguka mlangoni, mikono yake ikiwa kizingitini. Mungu haneni kitu katika sura hiyo ya 19, wala mwandishi hamsifu mtu yeyote. Anachofanya ni kutuonyesha ile mikono, kisha anakifunga kitabu kwa kusema kwamba siku hizo hapakuwa na mfalme na kila mtu alifanya alivyoona vema machoni pake. Anayesoma sura hiyo na kuchukia amesoma sawasawa, kwa maana imeandikwa ili ichukiwe. Ninawashauri wanaoongoza vikundi wasiiruke, kwa sababu katika kikundi chochote kunaweza kuwa na mtu aliyepitia jambo linalofanana na hilo, na mtu huyo anapoona tunairuka sura hiyo, anaelewa kwamba habari yake nayo hairuhusiwi kutajwa.

Tofauti hii ya kusimulia na kuagiza ina mipaka, nami nitaifikia mipaka hiyo baadaye. Watu huipenda mno wakaitumia kama ufunguo wa kila mlango.

Sasa nirudi kwa yule dada, maana ndiye aliyenifundisha kifungu ninachokithamini kuliko vyote katika vile vinavyotisha. Miezi ilipopita nilikwenda kumwona na kumwomba radhi. Nilitegemea machozi au lawama. Sikupata lolote kati ya hayo. Aliniambia kwamba hakuwa akitafuta jibu siku ile. Alitaka kujua kama ndani ya kitabu hicho kuna mama mwingine. Kisha akaniambia kwamba aliendelea kukisoma peke yake kutoka pale tulipoachia, akafika sura ya 21, akampata.

Nilikuwa nimeisoma sura hiyo na kuipita kwa haraka kila mara, kwa sababu ni ya kutisha. Kuna njaa ya miaka mitatu katika siku za Daudi. Daudi anamuuliza BWANA, naye anaambiwa kwamba ni kwa sababu ya Sauli, mfalme aliyemtangulia, na nyumba yake yenye damu, kwa kuwa aliwaua Wagibeoni, watu ambao Israeli ilikuwa imewaapia kiapo tangu siku za Yoshua. Daudi anawauliza Wagibeoni wanataka nini, nao wanataka watu saba wa uzao wa Sauli. Anawatoa: wana wawili wa Rispa, suria wa Sauli, na wajukuu watano wa Sauli. Wanatundikwa mlimani mbele za BWANA, wote saba pamoja, mwanzo wa mavuno ya shayiri. Rispa anachukua nguo ya gunia, anajitandikia juu ya mwamba, anakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hadi maji yalipomwagika kutoka mbinguni, akiwafukuza ndege mchana na wanyama wa mwituni usiku. Kama mvua hiyo ni ya majira yake ya kawaida katika nchi ile, basi ni muda wa miezi, si wa siku.

Msomaji wa haraka huhitimisha kwamba Mungu alidai damu ya watu saba wasio na hatia na akaipokea. Nami nilidhani hivyo. Yule dada, aliyekuwa ameisoma sura hiyo labda mara 20, aliniomba nitafute ni aya gani inayosema kwamba Mungu alipokea. Nikatafuta. Daudi alimuuliza BWANA sababu ya njaa, lakini haijaandikwa kwamba alimuuliza BWANA dawa yake. Dawa aliwauliza Wagibeoni. Watu saba wanakufa, na hakuna neno lolote linalosema kwamba njaa ilikoma au kwamba BWANA aliridhika. Daudi anaposikia alichokifanya Rispa ndipo anapokwenda kuichukua mifupa ya Sauli na ya mwanawe Yonathani, mifupa ya wale waliotundikwa nayo inakusanywa, na maziko ya heshima yanafanyika. Na ni baada ya hayo, katika aya ya 14, ndipo inapoandikwa kwamba Mungu aliyasikia maombi kwa ajili ya nchi.

Ukiweka pembeni yake Torati, jambo linazidi kuwa zito. Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza watoto kuuawa kwa ajili ya baba zao. Sura ya 21 ya kitabu hicho hicho inaagiza kwamba mtu aliyetundikwa azikwe siku ile ile. Amri zote mbili zimevunjwa pale mlimani, na aliyesimama upande wa Torati, kwa gunia na kwa mikono mitupu, ni yule mwanamke ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Simaanishi kwamba sura hiyo sasa imekuwa nyepesi. Wale saba bado wamekufa, na Biblia haisemi Daudi alikosea. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nimekasirishwa na sura ambayo sikuwa nimeisoma, na nikaiepuka sura ambayo ndani yake mlikuwa na kile ambacho mfiwa mmoja alikuwa anakihitaji.

Katika sura hiyo hiyo nilikutana na somo jingine dogo kuhusu tafsiri. Biblia nyingine zinasema wale wajukuu watano walikuwa wana wa Mikali, nyingine zinasema wa Merabu, na wote wawili ni binti za Sauli. Sura ya 6 ilikwisha kusema kwamba Mikali hakuzaa mtoto hata siku ya kufa kwake, na sura ya 18 ya kitabu cha kwanza inasema aliyeozwa kwa Adrieli, baba wa watoto hao, ni Merabu. Tofauti imetokana na hati za kale zenyewe, ambazo hazikubaliani katika jina hilo. Nimeona watu wakitikisika imani kwa jambo la namna hii, na nimeona wengine wakibuni maelezo ya ajabu kulificha, wakati ambapo kulinganisha tafsiri mbili au tatu na kusoma maelezo yaliyo chini ya ukurasa kungetosha. Weka ile Biblia ya Union ya mwaka 1952 kando ya Habari Njema, uone zinapoachana. Mara nyingi pale zinapoachana ndipo penye ugumu wa lugha ya asili. Vivyo hivyo na Luka 14:26, ambapo mwanafunzi wa Yesu anatakiwa kumchukia baba na mama yake: ukisoma kwamba Lea "alichukiwa" katika Mwanzo 29:31, mara tu baada ya aya inayosema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, na ukisoma neno hilo hilo la Yesu lilivyoandikwa katika Mathayo 10:37, kwamba asimpende baba au mama kuliko Yesu, unaona kwamba kuchukia hapo ni kuweka nafasi ya pili. Bado ni neno gumu. Ila si agizo la kuwatukana wazazi.

Zaburi ni habari nyingine. Zaburi ya 137 inaanza kwa uchungu tunaoupenda kuuimba, watu wameketi kando ya mito ya Babeli wakilia, na inaishia kwa kumwita heri mtu atakayewapiga watoto wachanga wa Babeli juu ya mwamba. Makanisa yamekuwa yakiona haya kwa mwisho huo kwa muda mrefu. Kanisa Katoliki lilipotengeneza upya Liturujia ya Vipindi, yaani sala zake za kila siku za saa maalumu, mwaka 1971, liliziacha nje ya mzunguko wa sala zaburi za 58, 83 na 109 zote nzima, na kutoka katika nyingine likaondoa aya za laana. Ninaelewa sababu yake, kwani si rahisi kuisali laana alfajiri ukiwa huna adui. Lakini nilipoisoma sura ya 25 ya kitabu cha pili cha Wafalme, inayoeleza jinsi Wababeli walivyowachinja wana wa Sedekia mfalme wa Yuda mbele ya macho yake na kisha wakamng'oa macho, ili hicho kiwe kitu cha mwisho alichokiona, nilielewa kwamba mwimbaji hakuzua ukatili kutoka kichwani mwake. Alikuwa ameuona. Anayeomba hivyo hajashika jiwe. Ameipeleka hasira yake kwa Mungu badala ya kuipeleka mtaani. Tangu hapo siwaambii watu waliotendewa unyama kwamba wasamehe kabla hawajasali Zaburi ya 109, na sioni haja ya mtu mwingine kuisali kwa niaba ya kiburi chake.

Kuhusu kisa cha Elisha na dubu wawili waliowararua vijana 42 wa Betheli kwa kumcheka upara, nitasema kidogo tu, ingawa ndicho ninachoulizwa na vijana kuliko vyote, labda kwa sababu nami kichwa changu kinang'aa. Wafasiri hutukumbusha kwamba Betheli ndipo mfalme Yeroboamu aliposimamisha ndama wa dhahabu aabudiwe, na kwamba neno la Kiebrania linaloelezea umri wa wale vijana linaweza kuchukua umri mpana. Yote hayo ni kweli. Hayajanitosha, na huwaambia hivyo.

Kuna vifungu ambavyo havitishi kwa ukatili wake ila kwa namna vinavyomnyima mtu usingizi. Kile cha dhambi isiyosamehewa, yaani kumkufuru Roho Mtakatifu, ndicho cha kwanza. Nimekutana na zaidi ya mtu mmoja aliyeamini kwamba ameitenda kwa sababu wazo baya lilimpitia akilini wakati wa sala. Kwa watu hao huwa nasoma Marko 3 mpaka aya ya 30, kwa kuwa wengi huishia ya 29. Aya ya 30 inatoa sababu ya Yesu kusema vile: waandishi walioshuka kutoka Yerusalemu walikuwa wamesema ana pepo mchafu. Waliona mema yakitendeka mbele yao, wakayaita ya shetani wakiwa na akili zao timamu. Mtu anayelia kwa hofu ya kuwa amemkosea Roho hafanani nao hata kidogo, na sijawahi kuhitaji hoja ndefu zaidi ya hiyo.

Msomaji mwingine atauliza kama isingekuwa heri kuviacha tu vifungu hivi. Hilo lilikwisha kujaribiwa. Katika karne ya 2 mwalimu mmoja Mkristo, Marcion, aliamini kwamba Mungu wa Agano la Kale si Baba wa Yesu, akalitupa Agano hilo lote, akabakiza Injili ya Luka iliyopunguzwa na nyaraka kumi za Paulo. Kanisa la Roma lilimtenga yapata mwaka 144. Huyo alikata kwa sababu ya ukatili aliouona. Wengine walikata kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia iliyoandaliwa kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibiani vilivyotawaliwa na Waingereza, nayo iliacha nje habari ya Waisraeli kutolewa utumwani Misri, lakini ikabakiza maneno ya Waefeso 6 yanayowaambia watumwa wawatii mabwana zao. Maneno hayo ya Waefeso ni magumu, nami huyasoma kwa uchungu nikijua yalivyotumiwa. Lakini ninapoona ni sehemu gani iliyowaogopesha wenye watumwa, ninapata hofu ya kumpa mtu yeyote mkasi, nikiwemo mimi. Ukiondoa kinachokuumiza leo, mwenye nguvu naye ataondoa kinachomuumiza yeye, na huenda hicho ndicho kitakachohitajika na mtu ambaye wewe humjui.

Nilisema kwamba tofauti ya kusimulia na kuagiza ina mipaka. Mpaka wake upo katika 1 Samweli 15. Hapo hatusomi habari ya watu waliokosa mfalme wakafanya walivyotaka. Tunasoma nabii akimwambia Sauli, kwa jina la BWANA wa majeshi, aende akawapige Waamaleki, akaue mwanamume na mwanamke, mtoto na anyonyaye. Sauli analaumiwa kwa kutoitimiza amri hiyo yote.

Nina daftari ambalo ndani yake kila kifungu kigumu kina ukurasa wake. Swali naliandika kwa kalamu ya wino, na majibu ninayokutana nayo nayaandika kwa penseli ili yaweze kufutika. Ninawashauri wengine wafanye vivyo hivyo, maana kumbukumbu hudanganya, na mtu hujiona ametatua jambo ambalo alilisahau tu. Ukurasa wa 1 Samweli 15 umefutwa mara nyingi hata karatasi imekonda na kutoboka pembeni.

Jibu la kwanza nililoliandika ni lile la lugha ya vita ya zama zile. Mwaka 1868 lilipatikana huko Dhiban, katika nchi ambayo sasa ni Yordani, jiwe la Mesha mfalme wa Moabu, la karne ya 9 kabla ya Kristo. Mesha anajisifu kwamba aliuteka mji wa Nebo akawaua watu wote, 7,000, kwa sababu alikuwa ameuweka wakfu kwa mungu wake, yaani uangamizwe wote, na neno analolitumia ndilo lile lile ambalo Biblia ya Kiebrania hulitumia katika 1 Samweli 15. Anajisifu pia kwamba Israeli imeangamia milele, na sote tunajua kwamba haikuangamia. Basi wafalme wa wakati huo waliandika "wote" wakimaanisha ushindi. Biblia yenyewe inaunga mkono wazo hilo, kwa kuwa sura ya 15 inasema Waamaleki waliangamizwa wote isipokuwa mfalme wao, na bado katika sura ya 30 wanauchoma mji wa Siklagi, na Daudi anapowapiga, vijana 400 wanatoroka juu ya ngamia. Nililipenda jibu hili. Kisha nikaona kwamba linapunguza idadi ya waliokufa bila kugusa amri yenyewe. Nikalifuta nusu.

Jibu la pili ni la hukumu: kwamba Waamaleki waliwashambulia Waisraeli waliochoka, waliokuwa nyuma ya msafara, na kwamba Mungu aliye mwamuzi wa wote ana haki ya kuhukumu taifa. Hilo nalo lina uzito wake, na sura hiyo hiyo inamfanya Samweli kumkumbusha Agagi, mfalme wao, jinsi upanga wake ulivyowaacha wanawake bila watoto. Lakini anyonyaye hakumshambulia mtu, na Ezekieli 18 inasema roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa. Jibu la tatu ni la wale wanaosema kwamba watu wa Mungu walimsikia Mungu kwa masikio ya zama zao, na kwamba ni katika Yesu ndipo tunapomwona bila pazia. Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alifundisha kwamba anayedhani ameyaelewa Maandiko, lakini uelewa wake haujengi upendo wa Mungu na wa jirani, bado hajayaelewa. Nami naishika kanuni hiyo kama kamba. Hata hivyo, msomaji makini ataniuliza ni nani atakayetupimia pale ambapo nabii alisikia sawa na pale aliposikia vibaya, na tukipewa kipimo hicho mikononi, tutakuwa mbali kiasi gani na mkasi wa Marcion?

Kwa hiyo ukurasa huo una majibu matatu ya penseli, kila moja likiwa limefutwa kwa sehemu, na swali la wino likiwa lilelile. Zamani ningeona haya kuuonyesha. Sasa ninaamini kwamba kiongozi wa kikundi asiye na ukurasa hata mmoja wa namna hiyo bado hajaanza kusoma, na ninajihadhari na mwalimu anayeweza kuieleza sura hiyo kwa dakika tano akiwa anatabasamu.

Usisome vifungu hivi peke yako kila siku. Yule towashi Mkushi katika Matendo 8 alikuwa msomi, mwenye gari na mwenye kitabu chake cha Isaya mikononi, na bado Filipo alipomuuliza kama yanamwelea, alikiri kwamba hawezi kuelewa asipopata wa kumwongoza, akampandisha gari wakaketi pamoja. Tafuta mtu wa kupanda naye: asiwe mwenye kukubaliana nawe katika kila jambo, wala asiwe mwenye kushtuka upesi. Na ukiwa wewe ndiye uliyeulizwa, chunguza kwanza kama aliyeuliza amefiwa, ameachwa, au amepigwa, kwa sababu swali lile lile kutoka kinywani mwa kijana anayependa mabishano si swali lile lile kutoka kwa aliyeumizwa hivyo.

Yule dada alirudi kwenye kikundi baada ya karibu mwaka mzima. Huwa anakaa karibu na mlango, na kava la Biblia yake zipu yake ilikwisha haribika. Mwezi huu tumeanza tena kitabu cha kwanza cha Samweli, na kwa hesabu yangu wiki ijayo tutafika sura ya 15. Nilimuuliza kama angependelea tuipitishe kwa wiki nyingine. Alisema twende nayo, na niende na lile daftari.